Skrubu ya Alfajiri

Jumatatu, 9 Juni
Uji tena, kwa mrija. Jana baada ya Isha Hamadi alinizungushia skrubu ya taya, na leo baada ya Alfajiri, kama kawaida. Mume wangu ana mkono mwepesi, lakini leo nimempiga teke. Akasoma bismillahi, akamaliza kazi yake.

Uvimbe ulipokatwa uliondoka na kipande cha taya. Sasa nina kifaa. Kila mzunguko unasogeza mfupa kidogo, na mpya unaota nyuma yake kuziba pengo. Ndivyo wanavyosema. Mimi naona chuma tu chini ya kidevu.

Jumatano, 11 Juni
Mdomo wa chini umekufa ganzi. Uji umenimwagikia kifuani, sikujua mpaka binti yetu Rukia aliponipa kitambaa. Nimeona haya mbele ya mwanangu. Mchana sijambo. Alfajiri ndiyo inayoniua. Nauchukia ule ufunguo wa skrubu.

Ijumaa, 13 Juni
Hospitali. Daktari kanidunga sindano mdomoni, sikuhisi. Uso ukambadilika. Mshipa wa fahamu umevutwa kwa haraka mno. Akauliza skrubu inazungushwa saa ngapi.

Hamadi akajibu kwa fahari. Tuliambiwa asubuhi na usiku, basi sisi ni Alfajiri na Isha, hatujakosa hata mara moja.

Nesi, Msomali mwenye mtandio, akafungua saa za sala kwenye simu yake, akamwonyesha daktari. Daktari akahesabu saa kwa vidole.

Juni hii ya London, Isha inaingia watu wamelala, na Alfajiri inabisha hodi shuka halijapata joto. Mizunguko miwili ndani ya usingizi mmoja, halafu mchana kutwa hakuna. Kwetu Pemba tungekuwa salama.

Tusimame kidogo, anasema daktari. Tukisimama sana, mfupa utaungana kabla ya wakati. Ganzi isipoondoka, kifaa kinatoka na watanikata mfupa wa mguu kuziba taya. Na mimi kazi yangu ni kunyanyua wazee wasiojiweza.

Naogopa.

Jumapili, 15 Juni
Hamadi hali chakula. Anakaa jikoni kama mwenye hatia. Nimemkasirikia, nimelikasirikia na jua la nchi hii linalokataa kutua. Mtaa wetu wote, Ilford, unachoma nyama nje. Harufu inanitia wazimu.

Jumanne, 17 Juni
Tumeanza tena. Baada ya chai ya asubuhi, kisha Magharibi. Rukia katega kengele kwenye simu.

"Baba, not yet. Subiri ilie."

Hamadi anaogopa kuugusa ufunguo. Nimeushika mkono wake, tukazungusha pamoja. Ganzi vilevile.

Alhamisi, 26 Juni
Picha imeonyesha ukungu mweupe ndani ya pengo. Mfupa unaanza, anasema daktari. Kuhusu mdomo, haahidi kitu. Nimelia kwenye treni, watu wakatazama simu zao.

Jumapili, 6 Julai
Mvua. Hamadi katia chai, iliki nyingi. Nimepiga funda kabla haijapoa.

Imeniunguza mdomo wa chini.

Nikakaa na kikombe mkononi. Kisha nikamwita.