Benchi la Inchi Kumi na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Sketi ya shule ya mjukuu wangu, Kidoti, nimeishona mara mbili. Upindo unapanda kushoto. Nikafumua, nikapiga mkasi upya, nikashona. Bado kushoto! Miaka thelathini na nane kwenye cherehani sijawahi kukata kombo. Nikamsimamisha kwenye stuli, nikapandisha blauzi, nikatazama mgongo. Sketi haina kosa. Mtoto ndiye aliyepinda — bega moja juu, jingine chini, kama hanga ya nguo iliyolegea.

Ana miaka minane. Anasema mgongo unamuuma tangu mwezi uliopita. Hakusema kwa sababu darasani wote wanaumwa, kwa hiyo alidhani ndivyo shule ilivyo.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati. Daktari kambonyeza, kamwinamisha, kamsimamisha. Mfupa mzima. Akauliza anakaaje darasani. Kidoti akapanda kiti cha daktari, akaonyesha: makalio ukingoni, mguu mmoja kaukalia, wa pili unaning'inia, mabega yamegusa masikio. Daktari akasema akiendelea hivyo mwili utazoea. Nikamjibu mwili wa mjukuu wangu hauzoei upuuzi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda shuleni na tepu yangu ya kupimia shingoni. Mwalimu mkuu hayupo, mwalimu wa darasa akaniruhusu. Kidoti, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti: inchi kumi na mbili na nusu. Benchi? Kumi na nane! Nikapima watoto ishirini. Miguu iliyofika chini ni ya mmoja tu, twiga wao, aliyerudia darasa mara mbili. Na shule nzima, wadogo kwa wakubwa, madawati ni ya kipimo kimoja.

Nikaenda moja kwa moja kwa seremala aliyeyatengeneza. Nikamporomoshea yote. Akaniacha nimalize, akaweka randa chini.

"Bibi, si wewe uliyesema kwenye kamati? Kata makubwa, watoto watakua."

Nimerudi nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Ni kweli. Kamati ya wazazi iliyoagiza madawati mia moja na arobaini nilikuwemo. Seremala aliomba vipimo vya kila darasa, mimi nikamwambia asitucheleweshe, afanye kama ninavyofanya sare: pana, ndefu, mtoto ataijaza mwenyewe. Wakanipigia makofi. Nikakaa chini nimevimba kichwa.

Lakini sketi ina upindo. Mtoto akirefuka unaushusha. Benchi lina upindo gani? Mwanamke mzima, na akili zangu!

Sina haja ya kulia. Nina haja ya msumeno.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekata. Dawati la Kidoti, baada ya masomo. Mwalimu wa darasa alijifanya anasahihisha madaftari. Inchi tano na nusu kila mguu, benchi na meza vikashuka pamoja. Msumeno ni wa seremala. Ndiye aliyenichorea mstari, kisha akasema akiulizwa hanijui.

Kidoti akakaa. Visigino chini. Mabega yakashuka yenyewe, sikumwambia. Akageuka kutazama madawati mengine.

"Na wenzangu, bibi?"

Jumapili, 10 Machi

Barua ya mwalimu mkuu. Nimeharibu mali ya shule. Kidoti asikanyage darasani mpaka nikiri kosa na kutia sahihi. Mama yake, binti yangu, ananisihi nitie yaishe, mtoto atakosa mtihani. Anasema nina kichwa kigumu. Nikamuuliza yeye chake kakitoa wapi.

Mwalimu mkuu! Suruali yake ya kwanza ya shule niliishona mimi. Alikuwa akiikanyaga akitembea. Hiyo nayo niliikata kubwa.

Jumatatu, 11 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika hapa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma ya daftari langu la vipimo. Kidoti yuko kando, sketi kavaa. Karatasi ya kukiri imeshachapwa, karani kanipa nisome. Inasema nimeharibu dawati moja.

Uongo. Nimeharibu mia moja na arobaini. Nimetengeneza moja. Hayo ndiyo nitakayoyaandika, kwa mkono wangu wa darasa la tatu, na chini yake miguu ya watoto ishirini, inchi kwa inchi. Sahihi yangu wataipata hapo, si kwingine. Na kama Kidoti atarudishwa nyumbani kwa hilo, nitakuja naye kesho. Na keshokutwa.

Benchi tulilokalishwa ni lile lile la seremala. Mimi ni mfupi. Miguu ya Kidoti haifiki chini, na yangu haifiki. Tunaning'inia wawili kama nguo kwenye kamba. Robo saa tu, na kiuno kimeshaanza. Yeye hukaa hivi siku nzima.

Mlango umefunguliwa. Mwalimu mkuu anasema niingie peke yangu.

Nimemwambia Kidoti ashuke, ashike tepu, atangulie —