Doti ya Mama

Jumamosi, Maili Moja

...na bado naiona ile picha ya kaburi. Kwenye mafunzo ya ubalozi nilipangiwa kueleza habari za balozi mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, aliyepelekwa Asia peke yake. Akafungua ofisi, akasaini mkataba, akapandishwa cheo, kisha homa ikamuua. Wakamzika watu baki. Wenzangu walinipigia makofi. Mimi nilibaki nikilitazama kaburi lake pichani, maana wiki ijayo nakwenda kuanza kazi ubalozini, huko huko Asia.

Leo nimekwenda Msimbu kumuaga mama. Nikamsimulia habari za huyo Mmarekani nikidhani atacheka.

"Nani alimwosha?" akauliza.

"Sijui, mama. Wale si Waislamu."

"Na wewe huko uendako, wanawake wa Kiislamu wapo?"

Nikasema wapo. Kusema kweli sijui. Naogopa hata kuuliza kazini, wataniona...

Mama akaingia ndani, akatoka na doti ya kanga mpya, haijakatwa. "Hii usiivae," akasema, akaitia kwenye mkoba wangu. Siku tulipomwosha marehemu bibi, mimi ndiye niliyeshika kanga ya kumsitiri.

Naogopa. Sijamwambia mtu.

Nimepanga begi tangu magharibi na halifungi. Ama doti ya mama, ama koti zito la baridi nililonunua kwa ajili ya huko.

Koti nimelitoa.