Kontena Thelathini na Moja kwa Saa

Jumatatu, 3 Machi
Tumepanda! Kwenye orodha ya bandari za nchi saba tulikuwa wa sita, sasa wa pili. Bosi kaja hadi mezani kwangu, kanipa mkono mbele ya watu. Kreni namba nne ndiyo iliyotubeba: Januari ilishusha kontena kumi na tisa kwa saa, Februari thelathini na moja. Nilicheka na wenzangu. Halafu nikabaki peke yangu na takwimu zile, za taarifa ambayo mimi ndiye ninayeisaini, nikazisoma upya. Mashine ya miaka ishirini haiamki tu siku moja ikawa kijana.

Jumanne, 4 Machi
Nimepekua fomu za zamu. Zamani kila kreni ilisimama asubuhi, mafundi wakague breki na kamba. Namba nne haijasimama mwezi mzima! Nikamfuata fundi mkuu karakana. Hakunitazama usoni. Akasema wameambiwa ukaguzi unashusha wastani, wangoje hadi wageni wanaokuja kuhakiki orodha waondoke. Na kidhibiti mwendo wamekifungua, iende kasi.
— Breki je?
Akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.
Mdogo wangu ndiye anayeendesha namba nne.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza mdogo wangu jikoni, tukimenya viazi. Eti breki zinateleza kidogo, ameshazizoea.
— Dada, usinitie kiwewe. Nikikataa, kesho anapanda mwingine.
Bosi naye: taarifa hii ni ya nchi nzima, niache mambo ya undugu. Niisaini kesho saa nne, mbele ya wageni.

Alhamisi, 6 Machi
Sikusaini. Nilisema mbele ya wageni: isimamisheni namba nne kwanza! Bosi akacheka, akawaambia nimechoka, nina kazi nyingi. Mgeni mmoja, mama wa miwani, hakucheka. Akaomba fomu. Nikampa zote.

Saa tano kasorobo. Wameshuka gatini, nawaona kwa dirisha. Mama wa miwani anaonyesha juu, bosi anatikisa kichwa. Namba nne inafanya kazi. Nimempigia mdogo wangu mara sita — hapokei. Fundi mkuu anakimbia kuelekea kwao, anapunga mikono. Sijawahi kumwona akikimbia.

Kontena jekundu limeinuliwa. Limesimama hewani, linayumba. Sijui kalisimamisha mdogo wangu, au breki zimekwama tu kwa muda.