Wa Saba Yuko Uarabuni

Muaither, Doha,
Qatar.
Ijumaa, 7 Machi 2014.

Mpendwa Mjomba Philip,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, zenye joto kupita hili jua la huku, ambalo mwezi wa tatu tu limeshaanza kututolea meno. Mguu wako unaendeleaje? Velma aliniambia siku hizi unajikongoja hadi langoni, unakaa hapo na kusalimiana na wapita njia. Mama Kevin je, presha yake imeshuka? Mvua imenyesha, au mmepanda mahindi kwenye vumbi mkimwachia Mungu?

Mimi ni mzima, ingawa si mzima kabisa. Nimeshonwa nyuzi tisa kutoka chini ya jicho la kulia hadi karibu na mdomo. Usishtuke, jicho linaona. Nakuambia mapema kwa sababu Douglas, anayekuletea barua hii mkononi, ameniona, na yeye si mtu wa kuficha jambo.

Nimeandika barua kwa kuwa simu ungeikata. Tafadhali isome mpaka mwisho. Kama macho hayakuruhusu, Velma akusomee, lakini Kevin asiwepo. Unaijua hasira ya mwanao.

Unakumbuka siku niliyoondoka nyumbani, mwaka 2010, uliponishika mkono ukasema, "Huko ukikutana na watu wenye maarifa, nitafutie mama yangu alitoka wapi." Nyanya aliletwa kwenye shamba la mzungu akiwa msichana mdogo, akazeeka na kufa bila kututajia hata kijiji chao. Sikusahau, Mjomba. Hapa nilikutana na Joram, fundi wa kompyuta, ambaye naye anatafuta ukoo wa babu yake. Alikuwa amesikia kwamba kuna masanduku ya karatasi za watu waliohesabiwa mwaka 1962, nyumba kwa nyumba, majina kwa majina, na kwamba yamefungiwa ghalani na hakuna raia anayeruhusiwa kuyagusa. Miaka hamsini imepita na wengi walioandikwa humo ni marehemu. Tukasema basi, yafunguliwe. Tukaandika ombi kwa serikali, tukaanza kukusanya sahihi za Wakenya wa huku, wauguzi, walinzi, madereva, wasichana wa kazi za nyumbani. Kila Ijumaa baada ya ibada tulikutana sebuleni kwa Joram, hapa hapa Muaither.

Tarehe kumi Januari tulikuwa watu kumi na wanane. Mumbua, mwenzetu anayefanya kazi ya ofisi, alikuwa amekuja na dereva mmoja wa Umm Salal aitwaye Laban. Mtu mpole, amekaa pembeni na kikombe chake, hasemi. Mtu mmoja akauliza, je, majina haya yakiangukia mikononi mwa wabaya? Joram akacheka.

"Karatasi haiui mtu," akasema.

Laban akaweka kikombe chini taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kuaga. Kisha akainua kiti cha chuma alichokuwa amekalia akampiga nacho Joram kichwani. Joram akaanguka. Akampiga tena, na Joram alipoinua mkono kujikinga nikasikia mfupa. Mjomba, mimi ni muuguzi, sauti ya mfupa siwezi kuisahau wala kuikosea. Nikajitupa katikati, na mguu wa kile kiti ukanichana uso. Damu ilinijaa kinywani nikadhani meno yote yametoka.

Harun, Mganda mmoja mlinzi, alimwangusha Laban, na wanaume wengine wanne wakamwangukia. Walimpiga mateke ya mbavu, wakampiga usoni, wakampiga hata alipokuwa hasogei tena. Wengine nadhani hawakujua tena wanampigia nini. Hakulia. Alikuwa akisema neno moja tu sakafuni, meno yamejaa damu: "Saba. Saba."

Mumbua alitaka polisi waitwe. Nikakataa, taulo likiwa usoni. Huku polisi wakiitwa, mtu anakwenda jela kisha anarudishwa kwao mikono mitupu. Joram naye, mkono umening'inia, akasema, "Jebet ana haki ya kuamua. Mimi nitasema nimeanguka ngazi." Ndivyo alivyosema hospitalini. Mungu ambariki.

Baada ya wiki mbili Laban alinifuata kliniki ninakofanya kazi. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje, jicho moja bado limevimba, ana mfuko wa tende mapajani. Aliponiona akasimama.

"Dada, sikukukusudia wewe."

"Ulimkusudia Joram?"

"Nililikusudia lile neno lake."

Nikakaa naye kwenye benchi. Nikamuuliza hiyo saba ilikuwa nini. Mjomba, sasa soma polepole.

Kwao ni ng'ambo ya mto wetu, kwenye ile skimu ya makazi ya Tumaini. Alikuja Qatar mwaka 2006, hivyo haya alisimuliwa na mama yake. Januari ile ya 2008, siku uchaguzi ulipoharibika na watu wakageukana, vijana wapatao thelathini walifika kwao mchana, na mapanga na petroli. Kiongozi wao alishika daftari. Hawakuuliza nani anakaa hapa, walisoma. Walisoma jina la baba yake, la mama yake, na la kila mtoto. Wakawapanga uani wakawahesabu.

"Hapa pameandikwa saba," akasema yule mwenye daftari. "Nyinyi ni sita. Wa saba yuko wapi?"

"Wa saba yuko Uarabuni," baba yake akajibu. "Anaendesha gari."

Hawakuamini. Walidhani wa saba ndiye kijana mwenye nguvu, kwamba amejificha, au amekwenda kuita wenzake. Walimkata mzee mguu mmoja chini ya goti, wakauliza tena. Akajibu lile lile. Mama yake Laban akapiga kelele kwamba picha yake iko ndani ya nyumba, amepigwa picha kando ya gari huko Doha. Wakamwambia, kailete. Nyumba ilikuwa imeshawashwa moto, Mjomba. Aliingia. Alitoka na ile picha, na mikono yote miwili imeungua mpaka kwenye viwiko. Yule kijana akaitazama, akasema kila mtu anaweza kupigwa picha kando ya gari. Kisha wakamkata mzee shingoni, watoto wake wakitazama.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua," Laban akaniambia. "Ningekuwa nyumbani hesabu ingetimia."

Nikamuuliza lile daftari walilitoa wapi.

"La karani wa sensa," akasema. "Sensa ya tisini na tisa. Alipita kwetu mwenyewe, baba akamchinjia kuku. Mwalimu mmoja, Mwalimu Philip. Karatasi za serikali alizirudisha, lakini nakala yake aliandika kwenye daftari akakaa nalo."

Nilimwambia nimechelewa kazini, nikaingia ndani nikamwacha kwenye benchi.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Nilikuwa nikisafisha vidonda vya watu huku nawaona wale vijana. Kwa sababu mimi nawajua, Mjomba, na wewe unajua kwamba nawajua. Nilikuwa nyumbani kwako Januari ile. Walikuja watatu, tena mchana, wakakaa kwenye viti vyetu, na mmoja aliweka panga juu ya kitambaa cha meza alichofuma Mama Kevin. Mimi ndiye niliyewamiminia chai. Uliniambia nikalete maziwa. Niliporudi, panga halikuwa mezani tena, na wewe ulikuwa unatoka chumbani na daftari kwapani. Sikuona kama lile panga lilikuwa limeshikwa shingoni mwako au limerudi tu mikononi mwa mwenyewe. Niliweka maziwa nikatoka. Miaka sita sikukuuliza, na jioni ile nilipoona moshi ng'ambo ya mto nilifunga dirisha.

Siku ya kumi na mbili nilimpigia Laban, nikamwambia nina neno. Alikuja kunichukua kwa gari la tajiri wake. Tulikuwa kwenye barabara kuu ya kwenda Umm Salal nilipomwambia: "Mwalimu Philip ni mjomba wangu. Amenilea. Nilikuwepo walipochukua daftari, na niliwapa chai."

Hakunitazama. Alikanyaga mafuta. Nilitazama mshale ukipanda, mia na thelathini, mia na hamsini, mia na sabini. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga, na hakuonyesha dalili ya kulipita. Sikuomba anihurumie. Nilifumba macho nikataja jina la mama yangu. Nikasikia breki, gari likayumba, likaingia mchangani, likazunguka na kusimama likiwa limeelekea tulikotoka. Akashuka. Akaanza kupiga kioo cha mlango wake kwa ngumi, akapiga, akapiga, mpaka kikapasuka, na hata kilipopasuka akaendelea kupiga vile vigae vilivyobaki. Nilishuka nikamkumbatia mkono ule kwa nguvu zangu zote ili aache. Nguo zangu za kazi, nyeupe, zilikuwa nyekundu hadi magotini.

Nilimfunga kwa mtandio wangu pale pale kando ya barabara, magari yakitupita.

"Nitakwenda kumwona," akasema.

"Kumfanya nini?"

"Kama ningetaka kuua ningekuua wewe sasa hivi. Nataka aniambie. Kwa nini aliweka nakala, na kwa nini aliitoa. Hayo tu."

Nimemwamini, Mjomba. Huenda nimekosea, lakini nimemwamini.

Sasa lile ombi letu. Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya wote nikasimulia habari hii yote, na jina lako nikalitaja. Wengine walisema basi, tuachane na mambo ya orodha kabisa. Mumbua alilia akasema kumbe masanduku yale ni afadhali yaozee ghalani. Lakini aliyekataa ni Laban mwenyewe, mkono umefungwa bendeji. Alisema baba yake hana kaburi linalojulikana wala cheti chochote, na mahali pekee duniani ambapo jina la babu yake linaweza kuwa limeandikwa ni katika karatasi zile. Basi tukaandika upya. Tumeomba karatasi za wazee wa zamani zifunguliwe, za watu walio hai zifungwe, na yeyote atakayenakili majina ya majirani zake na kukaa nayo nyumbani ashtakiwe. Sehemu hiyo ya mwisho Laban ndiye aliyeisema, mimi nikaandika. Joram, bado ana plasta, alimpa kalamu kwa mkono wake mzima.

Tulipeleka sahihi sabini na nne. Jibu limekuja wiki iliyopita, mistari mitano: sheria hairuhusu, hivyo masanduku yatabaki yamefungwa mpaka Bunge liseme vingine. Kwa hiyo habari za Nyanya sina, nisamehe. Tumekubaliana kuwaandikia wabunge, mmoja mmoja. Hatuachi.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Likizo ya Laban inaanza tarehe kumi na tisa. Atakuwa kwa mama yake kwanza; anaitwa Loice, na mikono yake haikunyooka tena. Siku ya Jumapili, tarehe ishirini na tatu, atavuka mto aje kwako. Atakuja mchana, peke yake, na hatakuja na kitu mkononi. Nakusihi, mtume Kevin mjini siku hiyo. Usiwaite majirani. Usiseme u mgonjwa. Kama daftari lilirudi kwako, mpe. Kama walikuwekea panga shingoni, mwambie walikuwekea. Na kama uliwapa kwa hiari yako, mwambie hivyo pia, kwa sababu uongo ataujua, na mimi nitaujua.

Ulinilipia karo ya uuguzi ukauza ng'ombe wawili. Ulinibeba mgongoni nilipougua malaria mpaka zahanati. Hayo sijayafuta, wala siwezi. Lakini siwezi tena kukaa kimya kwa ajili yako.

Nisalimie Mama Kevin, mwambie dawa za presha amepewa Douglas za miezi mitatu. Nisalimie Velma na mtoto wake, na Kevin, na Herbert wa duka la nyaya. Mungu awape mvua ya kutosha, akupe nguvu za mguu, na siku hiyo akupe ulimi wa kweli.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, ambaye bado nakupenda,

Jebet.