Mama Mkwe Amepoteza Ladha, Nami Nabadilisha Chupa Zake

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana jambo hili limenikaa kooni na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mke wa fundi redio, tunaishi na mama mkwe, na nyuma ya nyumba ana bustani ambayo ukiiona utadhani inapigwa pasi, nyanya zimefungwa kwenye vijiti, karoti, bilinganya, maharage machanga yanatambaa kwenye uzio, na mavuno yakizidi anayasindika kwa siki na chumvi kwenye chupa za mdomo mpana, mtaa mzima unazijua chupa za mama, anagawa hata kwa watu wasiomsalimia. Hajawahi kutumia kikombe kupima, kipimo chake ni ulimi, anamimina siki, anaonja, anaongeza, anaonja tena, na zamani hakuna aliyeruhusiwa hata kusogelea sufuria. Sasa Shangazi, tangu ile homa iliyomlaza mwanzoni mwa mwaka, pua na ulimi havikurudi, nilijua siku maziwa yalipochacha akanywa kikombe kizima huku akinisimulia habari za jirani, lakini yeye hakusema kitu na mimi nikaona haya kumuuliza, na bustani nayo ikazaa kuliko wakati wowote, akaanza kusindika kama kawaida, kumbe chupa hii ni chumvi tupu na ile ni maji ya maharage.

Nikawa nafanya hivi, akitoka kumwagilia namwaga chupa zake shimoni, nasindika nyingine haraka haraka huku nachungulia dirishani, nazirudisha kabatini kama zilivyokuwa, watu wakisifu anafurahi, na mume wangu nilipomdokezea akasema, "Mama ana raha yake, mwache, mbona mimi nakula na sijafa?" lakini yule hata ukimpa soli ya kiatu yenye chumvi atakwambia safi. Siku hizi mama ananifuata na kijiko, "Hebu onja, mwanangu, unaionaje?" nami najibu, "Tamu, mama," nikigeuka machozi yananilenga. Sasa wifi yangu, aliyejifungua juzi juzi, anakuja Jumamosi, na mama amempakia boksi la chupa, amelifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda chake, siwezi kulifikia. Nikisema nitamvunja moyo mtu aliyenipokea kama binti yake, nikinyamaza watu watakula nini? Nifanyeje, Shangazi?

Mkamwana mwenye hofu

*

Marahaba, mwanangu. Una moyo mzuri, na hilo nalisema mapema kwa sababu yanayofuata hutayapenda.

Boksi hilo lisitoke hapo nyumbani. Maharage na karoti zilizopungukiwa siki zinaweza kumlaza mtu hospitali bila kutoa harufu wala povu, na kifuniko kikiwa kimetulia kabisa. Kwa hiyo acha kuonjaonja. Na hizo zako ulizosindika huku ukichungulia dirishani, siki ulipima kwa kitu gani? Kwa ulimi pia, sivyo? Basi nazo zimwagwe, na kila aliyepewa chupa msimu huu apelekewe habari asile. Ulidhani unawaokoa watu, kumbe umebadilisha mpishi tu.

Sasa tuje kwa mama. Unamchukulia kama hajui. Bibi wee! Mwanamke ambaye hakuruhusu mtu kusogelea sufuria yake, leo anakukimbiza na kijiko akuulize unaionaje, na wewe unadhani hajui? Anajua, tena anaogopa. Amekuchagua wewe umwambie, si mwanawe wa kumzaa, nawe kila akigonga unamjibu "tamu" na kumfungia mlango. Yeye hasikii ladha yoyote, wewe unasema tamu, mtaa unasifu. Umewahi kujiuliza anawaza nini akibaki peke yake? Huenda anadhani akili ndiyo inamtoka.

Mwambie leo, usingoje Ijumaa. Mwambie bustanini mkichuma maharage, maana maneno kama haya hutoka vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi kuliko mkikodoleana macho sebuleni. Sema kwa ufupi: "Mama, nadhani ladha haijakurudia tangu ile homa. Mimi nimekuwa nikibadilisha chupa zako. Nisamehe." Usizunguke, na usimlete mumeo awe shahidi, atakuja kusema kila kitu ni safi. Mama akikasirika, mwache akasirike. Umefanya mambo nyuma ya mgongo wake, jikoni kwake, na haki ya kukasirika anayo.

Hasira zikipoa, mpelekeni kwa daktari, kwa sababu asiyesikia harufu hasikii hata gesi ikivuja. Kisha nunueni vikombe vya kupimia, na mtafute mtu aliyesomea usindikaji wa vyakula awape vipimo vilivyojaribiwa vya siki na muda wa kuchemsha. Wewe upime, yeye akusimamie. Kuotesha, kujua nyanya ipi imeiva na ipi imepitiliza, kukata mboga zikalingana, hayo yote bado anayo, na wewe bado huyajui. Wifi yako Jumamosi apewe mboga mbichi, atashukuru vilevile.

Lile boksi usilivute wewe. Muulize mama, "Tulifanyeje?" halafu nyamaza. Akianza kukata kamba na kumwaga chupa zake, mshikie ndoo. Na akilia, usimwambie anyamaze. Amepoteza kitu alichokijua kuliko kingine chochote, na miezi yote hii hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia pole. Mwambie pole.