Njia ya Makaburini na Kibali cha Zefe

Mambrui, 8 Mfungo Tano 1407 (13 Oktoba 1986)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na ambaye kwake tutarejea.

Kwa mpwa wangu Twalib, karani huko Kilifi. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo na wanao. Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto lanikumbusha umri kila niinukapo katika rakaa.

Ama baada ya salamu, nina haja nawe. Mwaka huu tumeambiwa kwamba zefe yetu ya Maulidi haitatoka msikitini kwenda uwanjani pasi na kibali cha serikali. Yatakiwa mtu mmoja atie sahihi, aitwe mwandalizi, atangulie mbele mwanzo hadi mwisho, na ashtakiwe kukitokea lolote. Wazee wamenichagua mimi. Kaingu, muuza makuti, amenitania kwamba punda wake wawili nao sasa watahitaji mwandalizi. Nilicheka, kisha nikaenda kujaza fomu.

Niliandika njia yetu ile ile: msikitini, njia ya makaburini, uwanjani. Fomu imerudi kutoka ofisini kwenu, njia ya makaburini imekatwa kwa wino mwekundu, pameandikwa barabara ya lami. Wajua kwamba mwenye hoteli ameizungushia njia hiyo seng'enge, pamoja na makaburi yote, na mamako Esha, dada yangu, amelala humo ndani. Kila mwaka zefe husimama hapo tukawasomea Fatiha. Mwambie mkubwa wako kwamba njia ile ni ya watu.

Mjombako,
Famau bin Shee

*

Kilifi, 22 Oktoba 1986

Shikamoo mjomba. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimu na kukubusu mkono.

Nimefanya ulivyoagiza. Mkubwa wangu aliniuliza, "Huyu Maalim ni nani wako?" Nikamjibu kuwa ni mjomba aliyenilea. Akanirudishia faili. "Basi mfundishe," akasema. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza mbele ya wenzangu kama mwanafunzi wangu ameshafahamu.

Mjomba wangu, nimekuletea fomu nyingine. Tia sahihi. Wakipita lami watu wataimba kasida zile zile, na Mtume ataswaliwa vile vile. Mkitoka bila kibali utakamatwa wewe, na atakamatwa kila atakayekufuata, na wengi wao ni watoto wa madrasa yako.

Mpwao,
Twalib

*

Mambrui, 23 Mfungo Tano 1407 (28 Oktoba 1986)

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyomo vifuani. Marahaba, mwanangu. Salamu zako zimefika, na fomu imefika.

Nimeisoma mpaka chini. Chini ya mahali pa sahihi pameandikwa kwamba mwandalizi anathibitisha kuwa hakuna njia nyingine ya umma kati ya msikiti na uwanja. Nawe wajua kwamba kesi yetu juu ya seng'enge itasikizwa Januari. Nimemwonyesha wakili wetu wa Malindi. Akasema, "Maalim, ukitia sahihi hapa, mwenye hoteli hahitaji shahidi mwingine."

Basi nisipotia, zefe waliyotuachia babu zetu itakoma mikononi mwangu. Nikitia, nitakuwa nimewafungia wafu wetu mlango kwa mkono wangu. Nimeswali istikhara, nikimwomba Mola anichagulie, na moyo haukufunguka upande wowote. Kijana mmoja ameniuliza mbele ya jamaa baada ya Isha kama ninaogopa seli. Nikamjibu kwamba naam, naiogopa, na naogopa zaidi kumwona yeye ndani yake.

Sitatia sahihi. Zefe mwaka huu haitatoka. Fomu nakurudishia kama ilivyo.

Mjombako,
Famau bin Shee

*

Kilifi, 10 Novemba 1986

Shikamoo mjomba. Sijui niulizeje hali yako.

Kibali kimo humu ndani. Sahihi niliiweka mimi. Wewe ndiwe uliyenishika mkono nikiwa mdogo ukanifundisha alif, na hakuna awezaye kuitenga khati ya mkono wangu na ya mkono wako. Mkubwa alisema kwamba fomu isiyo na sahihi ni dalili kuwa umekusudia kutoka bila kibali, na kwamba utachukuliwa kabla ya Maulidi. Niliogopa kwa ajili yako. Niliogopa pia kwa ajili ya kazi yangu, na nyumba ya serikali ninayokaa na watoto.

Ukiikana sahihi, mimi ni wa jela. Ukiikubali, najua nimemfanyia nini mama yangu. Nijibu, mjomba, hata kwa neno moja.

Mpwao,
Twalib

*

Gerezani, Malindi, 24 Mfungo Sita 1407 (27 Novemba 1986)

Kwa jina la Mola ambaye hakuna mlango ufungwao mbele yake. Assalaam alaykum, mwanangu. Mimi ni mzima, na goti limepumzika. Barua hii anakuletea mkaza mjombako mkononi. Isome, kisha uichome.

Barua yako ilifika pamoja na kibali. Siku ya Maulidi nilitangulia mbele, kibali mfukoni. Tulipofika njia panda ya makaburini niliwaamuru vijana waendelee na lami, wala asinifuate mtu. Nikainua seng'enge, nikapita chini yake, kanzu ikapasuka. Nilisimama kwa Esha nikasoma. Inspekta Musyoka alinisubiri nje mpaka nikamaliza.

"Mzee, kibali chako kinasema lami," akaniambia kwa upole.

"Ndivyo kisemavyo."

"Na wewe umeiacha."

"Nimeiacha."

Mahakamani nilionyeshwa fomu, nikaulizwa juu ya khati. Nilisema, "Khati hii nimeifundisha mimi." Hakimu hakuuliza zaidi. Sikusema uongo, lakini kunyamaza nako kuna hesabu yake, na nitaitoa mbele ya Mola wangu. Nimehukumiwa mwezi mmoja au faini. Nilichagua mwezi.

Hati ya mashtaka yasema kwamba mwandalizi aliiacha barabara iliyoidhinishwa, akafuata njia ya makaburini. Wakili ameomba nakala yake. Haahidi kitu, ila asema kwamba sasa serikali yenyewe imeandika kuwa pana njia.

Kwa hiyo usikiri. Najua utataka kukiri, kwa kuwa nimekulea. Ukikiri, sitakuwa tena mwandalizi, shtaka langu litafutwa, na pamoja nalo neno hilo la njia. Nenda kazini kila asubuhi. Mkubwa wako akikuuliza juu ya mwanafunzi wako, inamisha kichwa. Mimi nitatoka humu mwezi ukiisha. Wewe sijui utatoka lini, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Radhi yangu unayo. Ya mamako kamwombe mwenyewe pale alipolala, siku ambayo seng'enge itaondoka.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, awahifadhi mkeo na wanao, aijaze nyumba yenu utulivu, na amrehemu kila atakayepita njia ile kwa miguu yake au akibebwa. Amin.

Mjombako akupendaye,
Famau bin Shee