Kwa Nini Sikwenda Kilioni kwa Hamisi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Kisauni. Hatujambo sote, mamako amerudi kuuza mahamri.

Umeniuliza kwa nini sikwenda kilioni kwa kaka yangu Hamisi. Wallahi, ni hasira.

Nilipomzaa mamako nilitokwa na damu nyingi mno. Daktari akasema nisipoongezwa damu sifiki jioni. Hamisi alipimwa, damu yake ikafaa. Akafunga vifungo vya shati.

"Mimi mtu wa kubeba magunia, sitaki kudhoofika. Mungu akipenda atapona," akasema, akaenda zake. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mama Achieng', mke wa dereva wa lori, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili. Hatukujuana. "Nipimeni mimi," akasema. Damu yake ilipoingia mwilini, miguu yangu iliyokuwa baridi ikapata joto. Kabla ya magharibi niliomba uji, nikamnyonyesha mamako.

Mama Achieng' alipofariki nililia siku saba. Hamisi sikuweza kumlilia, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Wewe mwombee ukitaka. Mimi usiniombe niitikie amina.

Bibi yako,
Mwanasha